Kipandauso cha Jumatatu na Alhamisi

Mwenzangu unayenyonyesha huku kichwa kinakupasuka, nakuandikia wewe. Wengine wakitaka kusoma wasome, lakini sina habari nao. Mimi nilipokuwa nimelala sakafuni, kanga mbichi usoni na mtoto analia pembeni, nilitafuta mtu wa kuniambia kwamba aliwahi kupita hapo na akatoka salama. Nikamkosa. Kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake mkononi, wa kunisikiliza hakuwepo.

Mimi si daktari. Nalima ufuta na mahindi hapa Kikole, wilaya ya Kilwa, mimi na mume wangu Shaibu, na tuna mikorosho kidogo aliyoachiwa na baba yake. Nitakwambia yaliyonipata, na nitakwambia na uongo wangu, maana uongo nao ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Utanicheka. Cheka tu, mimi mwenyewe sasa nacheka.

Mtoto wetu Nasri alizaliwa mwezi wa nane. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuja kutoka Rutamba kunihudumia arobaini. Alinikanda na maji ya moto mpaka nikapiga kelele majirani wakasikia, akanipikia uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, akanikataza hata kuinama kufagia. Arobaini ilipokwisha akasema haondoki mpaka korosho ziishe kuokotwa. Nilifurahi. Bi Somoe ana mdomo, asikudanganye mtu, lakini mkono wake ni mwepesi kuliko mdomo.

Kichwa kilinianza siku chache baada ya hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka namnyonyesha mtoto, nikaona pembeni mwa jicho la kushoto kitu kinameremeta, kama kipande cha kioo juani. Nikafikicha jicho, hakikutoka. Nikamtazama mwanangu usoni nikaona nusu ya uso wake haipo. Jamani! Nusu haipo! Baada ya muda kioo kikaondoka, ndipo kichwa kikaanza, upande mmoja tu, kinapwita kwa kila pigo la moyo. Nikatapika. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unanichoma, na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho, harufu niliyozaliwa nayo, siku ile niliiona kama mtu ananisukumia kidole kooni.

Baadaye niliambiwa jina lake, kipandauso. Lakini siku ile sikuwa na jina. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba nakufa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ramadhani iliyotangulia nilikuwa na mimba changa inayonitapisha kutwa kucha. Sikufunga hata siku moja. Siku thelathini nzima nilikuwa nadaiwa na Mola wangu, na kwenye darsa la kinamama niliwahi kumsikia mwenzetu mmoja akisema kwa sauti ya kutisha kwamba anayekufa hajalipa saumu zake ataulizwa moja baada ya nyingine. Yule mama si mwalimu, ni msemaji tu kama mimi. Lakini neno lake lilinikaa. Nikiwa pale sakafuni nikasema, ewe Mola, nikiinuka hapa nalipa zote, sibakishi.

Nikainuka. Jumatatu iliyofuata nikafunga. Na Alhamisi nikafunga.

Utaniuliza, kwa nini hukusema? Ningesema vipi? Mama mkwe angenikatalia pale pale, mtoto wa miezi miwili, wewe umepata wazimu? Na Shaibu angeniuliza haraka ya nini, nami ningelazimika kumjibu kwamba mwenzio naona kifo. Neno hilo sikuweza kulitoa mdomoni. Kwa hiyo nilinyamaza. Alfajiri nakunywa vikombe viwili vya maji, nanuia, basi. Uji wa Bi Somoe nilikuwa nauchukua kwa adabu zote, "Ahsante mama," naenda nao nyuma ya jiko, nawamwagia kuku. Wale kuku wa mwaka ule, wallahi, walikuwa wazuri hata kuuangalia mwendo wao.

Na kichwa kikawa kinakuja. Kinakuja saa nane, saa tisa, siku zile zile ninazofunga. Siku inayofuata nipo hai lakini nimelegea, midomo imepasuka, nywele zinatoka mafungu mafungu nikichana. Ukiniambia leo kwamba mtu mzima na akili zake hakuona, nitakwambia sikuona. Kadiri kichwa kilivyonigonga ndivyo nilivyoamini kifo kiko mlangoni, na kadiri nilivyoamini hivyo ndivyo nilivyokazana kufunga nimalize deni kabla hakijaingia. Siku nyingine nilikuwa navumilia mpaka adhana ya magharibi nikiwa nimeng'ata ncha ya kanga.

Aliyeona ni Bi Somoe, ila aliona visivyo.

"Hiki kichwa kina siku zake," alimwambia Shaibu mbele yangu. "Ugonjwa wa Mungu hauna kalenda. Hiki ni kitu cha watu."

Akaanza kunifukiza. Nimefunga, sijala, sijanywa, kichwa kinataka kupasuka, na mimi nimefunikwa shuka zito na chetezo cha ubani chini yake. Nilidhani nitaacha roho mle ndani. Alifanya kwa mapenzi, hilo nalijua, alikuwa anasoma na sauti inamtetemeka. Lakini nikuombe, ewe uliye na mgonjwa wa kipandauso nyumbani, moshi wa udi na ubani kaa nao mwenyewe. Mwache apumue.

Shaibu alikuwa katikati, maskini. Akisema twende hospitali, mama yake anamuuliza watapima nini huko. Akinyamaza, mimi namtazama kwa jicho baya. Siku moja tumekaa tunachambua korosho, akaniuliza taratibu, "Mama Nasri, una jambo gani hunambii?"

"Kichwa," nikamjibu.

"Zaidi ya kichwa."

"Kichwa hakitoshi?" Nikamkaripia. Hakuniuliza tena, na kwa wiki nzima tulisemezana mambo ya chumvi na kiberiti tu.

Lakini mtoto ndiye alikuwa hafichiki. Matiti yangu yaliyokuwa yanalowesha gauni yakawa laini, hayana kitu. Nasri anavuta, anavuta, anaachia, analia kwa hasira. Kliniki ya mwezi ule mstari kwenye kadi yake haukupanda. Nesi akasema nile na ninywe maji, nikaitikia "Ndiyo nesi" kama mwanafunzi. Kuanzia hapo Bi Somoe akawa anambeba mjukuu wake na kumpapasa mbavu kwa kidole, bila kusema neno. Ukimya wake ulinitisha kuliko mdomo wake.

Jumanne moja akaniweka chini. Mbele yake kulikuwa na kifungu kidogo cha karatasi. Akakifungua, nikaona shubiri, ile ile chungu tunayopaka kwenye ziwa mtoto akitaka kuachishwa.

"Mwanangu," akasema, "mtoto anakunywa ugonjwa. Maziwa yako yameingia kichwa. Alhamisi tunampeleka kupimwa. Akiwa ameshuka, Ijumaa naondoka naye Rutamba. Dada yangu ana mbuzi wanakamuliwa."

"Ana miezi mitatu tu, mama!"

"Najua ana miezi mingapi. Nilimpokea mimi."

Nikamtazama Shaibu, aliyekuwa amekaa mlangoni. Shaibu akatazama chini. Nikaelewa wameshazungumza.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekula. Ungekunywa maji Jumatano na Alhamisi mpaka tumbo likajaa. Mimi nililia kutwa, na Alhamisi alfajiri nikanuia. Nilikuwa nimeshalipa kumi na moja, zimebaki kumi na tisa, na mtoto wangu anaondoka, na kwa hesabu zangu za kijinga niliona Mungu ananichukulia mtoto kwa sababu nimechelewa kulipa. Hofu ikishika usukani, akili inashuka.

Zahanati ilikuwa imejaa. Chanjo zilikuwa hazijafika, tukaambiwa tusubiri. Tumekaa kwenye lile benchi la ukutani, mabega yamegusana, watoto wanalia kwa zamu, jua linatusogelea miguuni. Saa tano. Saa saba. Wenzangu wanafungua chupa za chai, wanakula mihogo, mmoja ananiambia "Karibu dada," namwambia nimeshiba. Saa nane kioo kikaanza kumeremeta jichoni. Nikasema moyoni, leo hapana, nakuomba, leo tu hapana. Nikafumba macho nikamshika Nasri kwa nguvu. Nilipoyafumbua, mama aliyesimama mbele yangu hakuwa na kichwa, alikuwa na mabega tu.

Tukaitwa. Nesi Anastazia ni Mmakonde, mfupi, sauti yake inasikika mpaka barabarani. "Shikamoo bibi," akamwambia Bi Somoe. "Marahaba mwanangu." Nasri akavalishwa kile kikaptula cha kupimia, akaninginizwa kwenye mzani, anarusha miguu. Nesi akasoma. Akasoma tena. Akaandika kwenye kadi, na mimi hata kwa jicho bovu niliona kalamu inaelekea chini.

"Basi," akasema Bi Somoe. Akamtoa mtoto mwenyewe kwenye mzani na kumfunga mgongoni mwake. "Nimemaliza."

"Umemaliza nini, bibi?"

"Kesho naondoka naye. Maziwa ya huyu yana ugonjwa."

"Kichwa hakiingii kwenye maziwa, bibi." Nesi akanigeukia. "Kichwa gani? Kinakuuma lini?"

"Wakati wowote tu," nikasema. Mpaka pale, mwenzangu! Mpaka pale bado nadanganya.

"Mwongo!" Bi Somoe akapaza sauti, benchi zima likageuka. "Wakati wowote wapi? Kina siku zake hicho. Jumatatu na Alhamisi. Wiki zote, Jumatatu na Alhamisi, Jumatatu na..."

Akakoma. Nilimwona mdomo umebaki wazi. Nesi alikuwa anamngoja amalize, maana yeye ni Mkristo, siku zile mbili kwake ni siku tu. Lakini Bi Somoe amefunga sunna za Jumatatu na Alhamisi tangu hajaolewa. Akanisogelea, akaniinamia mpaka nikasikia pumzi yake, akaitazama midomo yangu iliyopasuka.

"Wewe umefunga."

Nikaificha midomo kwa ncha ya kanga.

"Mficha uchi hazai," akasema, "na wewe umeshazaa. Unanificha nini? Unafunga?"

"Nalipa, mama." Sauti ilitoka kidogo sana. "Nalipa za Ramadhani. Nisije nikafa nazo."

"Nani kakwambia unakufa?"

Hapo nikalia. Nililia mbele ya wale kinamama wote, kamasi na machozi, nikamwambia kila kitu, kioo, nusu ya uso wa mtoto, deni, kuku. Bi Somoe alinisikiliza amesimama. Sikujua kama atanipiga au atanishika. Akasema kwa nesi, bila kuondoa macho kwangu, "Lete maji."

Nesi akaleta kikombe. Nikakitazama. Zilikuwa zimebaki saa tatu tu magharibi iingie, na utanishangaa, lakini nilikuwa nazionea uchungu zile saa tatu.

"Mwenyezi Mungu kakuruhusu mwenyewe, mjinga wewe," akasema Bi Somoe, na sauti yake sasa ilikuwa imekatika. "Mwenye kunyonyesha kapewa ruhusa. Wewe nani ukatae? Kama ingefaa ningekufungia mimi hizo zote. Haifai. Kunywa."

Nikanywa. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha pili kiliingia na chumvi ya machozi.

Nesi alinipima presha, akanitoa damu kidoleni, akaniuliza kama mkono unakufa ganzi, kama nikisema maneno yanapotea, kama kichwa kimewahi kunijia ghafla kwa nguvu moja kubwa. Nikamwambia hapana. Akasema basi ni kipandauso, ila ingekuwa hivyo angenipeleka hospitali ya wilaya siku ile ile, na mzazi yeyote asikae na mambo hayo nyumbani. Nakuambia na wewe. Kisha akamwambia Bi Somoe, "Bibi, nipe wiki mbili. Mama ale, anywe, mtoto anyonye kila anapotaka. Tukipima bado anashuka, nitakuita mimi mwenyewe tuzungumze."

Bi Somoe akafikiri. "Wiki mbili," akasema. "Ya tatu hutoniona."

Njia nzima alitangulia mbele, mtoto mgongoni. Lakini tulipofika akachukua jagi la maji na kikombe, akaviweka pale ninapokaa kunyonyesha, akasema, "Akishika ziwa yeye, na wewe shika kikombe." Ndiyo sheria iliyoniokoa, wala haina kifani. Sikutakiwa kukumbuka kiu. Nilitakiwa kukumbuka mtoto tu.

Uji nikawa nakunywa mbele yake, jua halijachomoza vizuri, kwa sababu niligundua tumbo tupu la asubuhi ndilo linaloita kichwa cha mchana. Kuku wakakonda. Mtoto akilala nalala, ufagio usubiri. Nilizoea kunyonyesha nimejikunja kama ndoano, shingo inakakamaa; nesi akanifundisha kulala ubavu, mtoto kando yangu. Kile kioo kikianza kumeremeta, zile mara mbili kiliporudi, sikungoja tena. Naingia chumbani, dirisha limezibwa na kanga nzito, kitambaa cha maji ya mtungini kwenye paji na kingine kisogoni, tangawizi kidogo kwenye chai nyepesi ya kutuliza kichefuchefu, na kikombe kimoja cha kahawa chungu, kile kidogo cha wazee. Kimoja tu. Siku niliyokunywa vitatu Nasri alikodoa macho mpaka tukamwomba radhi. Kichwa kikizidi, nilikuwa na vidonge alivyonipa nesi, vya mama anayenyonyesha. Dawa ya mizizi niliyoletewa kutoka Nyangamara sikuinywa. Aliyeileta alinitakia mema, lakini ninachomeza mimi anakimeza na mtoto, na mle ndani sikujua mna nini.

Jioni Bi Somoe alinikanda mabega kwa mafuta ya nazi. Siku moja mikono yake ikasimama shingoni mwangu. "Nilizika mmoja," akasema. "Kabla ya Shaibu. Miezi minne. Waliniambia ni maziwa yangu." Akaendelea kukanda. Sikugeuka kumtazama, nilijua hataki nigeuke. Nilikuwa nimemchukia mwezi mzima, na pale chuki yote ilinitoka nikabaki na aibu.

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu kuliko mimba. Kila siku nambeba Nasri nampima kwa mkono, leo mzito, leo hapana. Bi Somoe naye anampapasa mbavu. Shaibu anatutazama sote wawili. Siku ya kupima nilishindwa kuangalia mzani, nikageukia ukuta. Nikasikia sauti ya nesi Anastazia, ile ya kufika barabarani:

"Haya bibi, njoo uone huyu anavyotaka kukata kamba yangu!"

Mstari ulikuwa umepanda. Bi Somoe akaichukua kadi, akaigeuza huku na huku, na hajui kusoma. Akaniuliza, "Huku ndiko juu?" Nikamwambia ndiko. Akaiweka kifuani.

Kipandauso hakijaniacha, nisikudanganye. Kinapita, mara moja kwa mwezi, siku nyingine mwezi unaruka. Ila sasa najua nyayo zake. Saumu zangu kumi na tisa zipo, na Ramadhani nyingine imeongeza juu yake. Nitazilipa mtoto akishaacha ziwa, kwa nafasi, Mungu akipenda, na nisipojaliwa Yeye ndiye anayejua nilikuwa nafanya nini.

Ramadhani hiyo ilinikuta bado nanyonyesha. Nilipanga kula nimejificha chumbani, nisiwape watu la kusema. Siku ya kwanza adhuhuri, Bi Somoe, ambaye alikuwa amerudi kwetu makusudi na yeye mwenyewe amefunga, akapika wali na samaki, akatandika mkeka barazani, mchana kweupe, na kuniita. Nikamwambia, "Mama, watu watapita." Akasema, "Wapite." Akakaa karibu yangu, midomo yake mikavu, sahani iko mbele yangu mimi peke yangu.

Na kweli akapita jirani. Akasimama njiani, akatuangalia, akasema, "Haya jamani, wenzetu Ramadhani yao ni ya jioni tu!"

Nikaacha tonge.

"Anayekula hapo ni mjukuu wangu," akasema Bi Somoe. "Una neno naye?"

Jirani akashika njia yake. Bi Somoe akausogeza wali karibu yangu, akanisubiri mpaka nikamaliza.